Kando ya Reli Pakikataa Kufanana: Dalili, Sababu na Dawa kwa Wajenzi wa Modeli ya Reli ya Mita Moja

Maswali ninayoulizwa na wajenzi wenzangu wa modeli karibu yote yana sura moja. Injini inatembea vizuri, njia imenyooka, mabehewa hayaruki. Lakini ukitazama pembeni ya reli unahisi kuna kitu kimekosewa, na hukijui. Unaongeza mti, unaongeza mtu, unaongeza pipa, na hali inazidi kuwa mbaya.

Nimeyapanga malalamiko hayo kwa dalili, kuanzia yanayojirudia sana. Mifano yangu mingi ni ya njia ya Mombasa–Nairobi enzi za East African Railways (EAR), kwa sababu ndiyo ninayoijenga: stesheni ndogo ya kubuni upande wa Tsavo, kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Mita moja ni upana wa njia yenyewe, kutoka reli hadi reli. Anayejenga njia ya Tanga au Reli ya Kati atabadilisha majina ya mahali, lakini magonjwa ni yaleyale.

Kabla ya kushika gundi

Andika mambo matatu kwenye kipande cha karatasi: mwaka, mahali, msimu. Changu kimebandikwa ukutani juu ya meza: "1958. Kati ya Voi na Mtito Andei. Kiangazi." Kila picha na kila kopo la rangi hupita kwanza mbele ya karatasi hiyo. Kama jibu lako ni "zamani tu, wakati wa mkoloni", usisumbuke na kurasa za mwanzo, ruka moja kwa moja hadi Dalili ya 3.

Dalili ya 1: Njia yenyewe inaonekana ya Ulaya

Umepaka kutu, umemwaga kokoto, lakini mtu aliyekulia karibu na reli akitazama anasema inafanana na picha za kalenda ya Uswisi.

*Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo: mataruma,* yaani vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli. Njia za dukani huja na mataruma yaliyoigwa mbao, hadi mistari ya mti imechorwa. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilitandikwa kwa sehemu kubwa juu ya mataruma ya chuma, maana mchwa wa huku hawabakishi mbao. Taruma la chuma lina umbo la hori lililofunikwa kifudifudi: mgongo laini wenye mviringo kidogo, na ncha zake mbili zimekunjwa kuzama ndani ya kokoto. Ukisimama juu yake unaona ukanda mwembamba tu.

Mimi nililijua hili kwa aibu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mnyapara wa gengi, kikosi cha kutunza njia, alikuja nyumbani, akainama juu ya modeli yangu kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akauliza, "Mwanangu, haya mataruma yako, mchwa walikuja mwaka gani?" Nilikuwa nimeyapaka kahawia ya mninga. Mita tatu nzima.

Ukaguzi: weka simu ya mkononi kwenye kokoto, kamera ikiwa sentimita mbili hivi juu ya reli. Hicho ndicho kimo cha macho ya mtu katika 1:87. Piga picha, iweke kando ya picha ya njia halisi. Mistari ya mti itakurukia machoni.

Dawa nyepesi ni kusugua migongo ya mataruma kwa msasa laini hadi mistari iishe, kupaka kahawia-nyeusi ya chuma kilichopata kutu na mafuta, halafu kujaza kokoto mpaka ncha za mataruma zisionekane. Katika stesheni, penye injini zilizosimama, weka doa jeusi la mafuta katikati ya njia; injini kubwa za wakati ule zilichoma mafuta mazito, zikidondosha. Dawa nzito ni kung'oa na kutengeneza mataruma yako mwenyewe kwa kadibodi nyembamba iliyokandamizwa juu ya kalibu, au kwa printa ya 3D. Nimefanya hivyo mbele ya stesheni tu. Nyuma ya vichaka nimeacha yale ya dukani, na hakuna aliyewahi kuuliza.

*Sababu ya pili: reli ni ndefu mno kwenda juu.* Reli za modeli huuzwa kwa namba, na namba hiyo ni kimo chake kwa sehemu elfu za inchi. Namba 100 ni milimita 2.54. Zidisha kwa 87 upate sentimita 22, kimo ambacho reli yetu haikuwahi kukaribia. Reli za mwanzo zilikuwa za pauni 50 kwa yadi, zenye kimo cha sentimita kumi hivi. Baadaye njia kuu iliwekwa reli nzito zaidi, na ilibidi: injini za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na mzigo wa tani 21 kwa kila ekseli. Kwa hiyo stesheni ya 1958 ina reli za aina mbili. Kwangu njia kuu ni namba 70 na njia ya pembeni ni namba 55. Tofauti ni ndogo, lakini jicho huiona hata kama mwenyewe hajui anachokiona.

*Sababu ya tatu: kokoto kubwa.* Kokoto ya sentimita tano ikipunguzwa mara 87 inakuwa na nusu milimita na ushee. Inayouzwa kwenye vifuko vya modeli mara nyingi ni mara mbili ya hapo. Nenda kwa muuza vifaa vya ujenzi, omba kopo moja la vumbi la kokoto, lichekeche kwa chujio la chai. Ninachonunua kwa bei ya chai hunitosha mwaka.

*Sababu adimu, lakini ndiyo inayouma: upana wa njia haulingani na kipimo.* Mita moja ikigawanywa kwa 87 ni milimita 11.5, ndiyo maana njia ya milimita 12 inafaa. Njia ya milimita 12 hiyohiyo ukiitumia na majengo ya 1:76, umejenga reli ya futi tatu kamili, ambayo si yetu. Milimita 16.5 katika 1:87 ni geji ya SGR. Wanaopenda modeli kubwa ya bustanini wana bahati: milimita 45 kwa 1:22.5 ni mita moja na sentimita moja. Na anayejenga TAZARA, yenye milimita 1,067, akichukua njia ya milimita 16.5 kwa kipimo cha 1:64 anakosa kwa sentimita moja tu.

Simama hapa kama kosa lako ni hili la mwisho. Usipake rangi, usipande mti. Hakuna mandhari itakayoficha upana wa njia uliokosewa. Chombo cha reli ya mita moja hukaa juu ya njia kama mtu mnene juu ya kigoda. Boila ya injini ya daraja la 59 peke yake ilikuwa na kipenyo kinachozidi mara mbili ya upana wa njia. Unene ule juu ya wembamba ule ndio sura ya reli yetu. Ukiupoteza, umepoteza kila kitu.

Dalili ya 2: Hakuna kosa unaloliona, lakini watu hawatambui ni wapi

Mgeni anatazama, anasifu, kisha anauliza, "Hapa ni wapi, Naivasha?" Nawe ulikusudia Tsavo.

Anza na udongo. Kati ya Voi na Tsavo ardhi ni nyekundu kiasi kwamba ndovu wake nao huonekana wekundu. Ukifika mbuga za Athi udongo ni mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika. Limuru inarudi wekundu, lakini wekundu mzito wenye unyevu. Ukishuka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha na Nakuru, vumbi ni la kijivu, la volkano. Wengi hununua kopo moja la rangi iliyoandikwa "ardhi" na kuimwaga kutoka Mombasa hadi Kisumu.

Tena udongo haukai chini tu. Hupanda. Hupaka sehemu ya chini ya kuta, magurudumu, miguu ya tangi la maji, na ncha za kokoto. Kama ukuta wa stesheni yako ya Tsavo ni mweupe hadi chini, hapo ndipo pana kosa.

Unaweza kutumia udongo halisi, na ni mzuri kuliko rangi yoyote. Uchekeche, ukaushe juani, kisha pitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Udongo mwekundu una chembe za chuma; zikibaki, zitapanda ndani ya mota ya injini na hutajua kwa nini imekufa. Gundi ikikauka udongo huwa mweusi zaidi ya ulivyokuwa, basi changanya na poda ya mtoto kidogo na ujaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Udongo huo usiuchimbe kwenye tuta la reli, wala ndani ya hifadhi ya Tsavo.

Baada ya udongo, mimea. Minazi inaishia pwani. Ukiiona zaidi ya Mariakani kwenye modeli, mjenzi alikuwa na minazi iliyobaki. Mibuyu inafaa upande wa Mtito Andei. Mikaratusi ni ya nyanda za juu, ambako reli yenyewe iliipanda kwa ajili ya kuni za injini. Mti wa miba wa mathenge ulisambazwa Kenya miaka ya 1970 na 1980, kwa hiyo modeli ya 1958 haiuhitaji hata tawi moja. Na vichaka vya Tsavo wakati wa kiangazi havina majani kabisa: ni kijivu, miba na vijiti. Hili ni gumu kulikubali kwa mtu aliyenunua mifuko minne ya majani ya kijani. Mimi nimeigawa mitatu.

Dalili ya 3: Enzi mbili zimekutana kwenye meza moja

Sababu ya kawaida ni picha isiyo na tarehe, au yenye tarehe iliyoandikwa na mtu aliyekisia. Dawa ni kuipa kila picha kadi yenye mistari mitatu: haiwezi kuwa kabla ya mwaka fulani, haiwezi kuwa baada ya mwaka fulani, na ushahidi ni nini. Vitu vinavyosaidia kufunga miaka:

- Herufi ubavuni mwa vyombo. KUR ni ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 reli hiyo iliunganishwa na ya Tanganyika chini ya uongozi mmoja, na EAR ikaanza kuonekana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 kila nchi ikashika vyombo vyake. Lakini kuwa mwangalifu: herufi hizi zinakupa mwaka wa mwanzo tu. Behewa lenye herufi za zamani liliweza kutembea miaka mingi kabla ya kufikiwa na brashi.
- Dizeli. Kwenye njia kuu zilianza kuonekana mwaka 1960. Ukiona moja nyuma ya picha, 1958 imekwisha.
- Majina ya stesheni. Webuye iliitwa Broderick Falls, na Nyahururu iliitwa Thomson's Falls. Kibao kikisema Port Florence, uko mwanzoni kabisa, wakati reli ndiyo kwanza imefika Kisumu, Desemba 1901.
- Behewa la Reli ya Kati likiwa Korogwe. Kabla ya 1963, ilipofunguliwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi, njia ya Tanga na ile ya Dar es Salaam hazikuwa zimeunganishwa.
- Daraja refu la zege nyuma ya stesheni. Hilo ni la SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi 2017.

Kwa mfano, nina picha yenye behewa la EAR na pua ya dizeli inayochungulia kwenye ukingo. Kadi yake inasema 1960 kwenda mbele. Ni picha nzuri mno, na kwa modeli yangu ni sumu, isipokuwa kwa umbo la tangi la maji, ambalo halikubadilika.

Sababu ya pili ni vitu vidogo, na hapa ndipo wengi waangalifu wanapoanguka. Mtungi wa plastiki wa njano wa maji ni kitu tunachokiona kila siku hadi hatukioni tena. Mwaka 1958 maji yalibebwa kwa debe. Debe la lita ishirini katika 1:87 lina upana usiofika milimita tatu na kimo cha milimita nne. Nilitengeneza ishirini kwa kijiti cha plastiki cha mraba, nikavipaka rangi ya bati, nikavipanga foleni chini ya bomba la tangi. Mwanamke mmoja ameketi juu ya debe lake akingoja. Sehemu hiyo ya modeli, isiyofika ukubwa wa kiganja, ndiyo wageni wote huinamia.

Sababu ya tatu ni ya siku hizi: picha za zamani zilizotiwa rangi, au kubuniwa kabisa, na akili mnemba. Zilizotiwa rangi usizitumie kama ushahidi wa rangi. Mashine imekisia, kama ambavyo ungekisia wewe. Zilizobuniwa zinajulikana kwa kuhesabu. Injini ya daraja la 59 ina magurudumu 14 kila upande, yakipangika mawili, manne, moja, kisha moja, manne, mawili. Ukihesabu kumi na moja, au gurudumu limeota kwenye tangi, futa.

Dalili ya 4: Jengo linatoka kubwa au dogo

Umejenga stesheni kwa kutazama picha. Ukiisimamisha kando ya njia, stesheni masta anafika dirishani kwa kidevu.

*Sababu ya kawaida:* ulipima picha kwa rula bila kujali umbali. Kilicho mbali na kamera ni kidogo, basi. Dawa ni kutafuta ndani ya picha kitu unachojua urefu wake, kilicho umbali uleule na kile unachokipima. Njia ya reli yenyewe ni rula ya bure: kutoka reli hadi reli ni milimita 1,000. Picha iwe imepigwa kufuata njia, si kutoka ubavuni. Tuseme nguzo ya ishara imesimama kando ya njia, na mahali palepale pengo la reli kwenye picha ni milimita 18. Nguzo ina milimita 126. Gawanya: mara saba. Nguzo ni ya mita saba, na kwenye modeli ni milimita 80.

*Sababu ya pili:* jengo liko mbali na njia, na huna rula. Hapa ndipo napenda kuwaambia watu kuhusu mabati. Stesheni nyingi ndogo za njia hii zilikuwa na mabati, ama paa ama kuta pia. Bati la migongo midogo, lile la kawaida, lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, yaani inchi tatu. Kuza picha, hesabu migongo kwenye ukuta. Huna haja ya kujua bati moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, kwa sababu pale yanapolaliana migongo hukaa mmoja juu ya mwingine na kuhesabika kama mmoja. Ukipata migongo 48, zidisha kwa 76: mita 3.65, yaani futi 12. Ukiona jibu limeangukia futi kamili, furahi. Aliyejenga alikuwa na futi kamba mkononi.

Hesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilipata 48, 51 na 46 kwa ukuta uleule, mpaka nikachapa picha kwenye karatasi na kutia nukta ya kalamu juu ya kila mgongo.

*Sababu ya tatu:* paa limebadilishwa. Kama picha ni ya miaka ya karibuni na bati ni la migongo mipana, hesabu hiyo haifai. Rudi kwenye mlango, ambao kwa kawaida hukaribia mita mbili, na ukubali kuwa unakisia.

Simama hapa kama unafikiria kwenda mwenyewe na futi kamba. Usitembee juu ya reli wala kupanda daraja. Treni inayoshuka mteremko huja kimya, na njia uliyoambiwa imekufa huenda bado inapitisha mizigo usiku. Nenda kwa stesheni masta kwanza, mweleze shida yako, omba ruhusa ya kupima na ya kupiga picha. Akikataa, amekataa. Majengo ya zamani yaliyoachwa pia yana sakafu zilizooza na nyuki darini. Na paa la vigae au mabati ya saruji ya kijivu yaliyovunjika usiliguse wala kuchukua kipande cha kumbukumbu, kwani laweza kuwa na asbesto. Na upande wa Tsavo, kumbuka reli inapita kati ya hifadhi. Simba wala watu waliofanya daraja la Tsavo lijulikane mwaka 1898 walikufa, lakini jamaa zao wapo.

Dalili ya 5: Ramani inasema hivi, setilaiti inasema vile

Kwa kawaida umeifuata SGR ukidhani ni njia ya zamani. SGR hukata moja kwa moja juu ya matuta na madaraja. Ya zamani hupinda na mlima kama njia ya mbuzi. Sababu nyingine ni njia iliyohamishwa au kung'olewa. Tumia ramani za upimaji za 1:50,000 kwa mpangilio, maana zinaonyesha matuta na mahali ardhi ilipokatwa, na setilaiti kwa kuona makovu yaliyobaki. Kumbuka pia kwamba njia kuu ya Uganda iliyofika Kampala 1931 inapitia Eldoret, na tangu hapo njia ya kwenda Kisumu ikabaki tawi. Nimeona modeli ya Kisumu ya miaka ya 1950 ikipitishiwa treni za Kampala kila nusu saa.

Dalili ya 6: Hakuna picha kabisa

Hutokea sana kwa landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa sababu wapiga picha walifuata injini. Jina limebaki Landi Mawe jijini Nairobi, lakini landi ndogo za magengi huko porini karibu hakuna aliyezipiga.

Ukaguzi wa kwanza: tazama tena picha za injini ulizonazo, lakini kwenye pembe. Nusu ya ninachokijua kuhusu vyoo, kuku na kamba za nguo nimekipata nyuma ya moshi. Kisha nenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni kuu. Watu hukimbilia injini 5918 Mount Gelai na lile behewa ambamo simba alimvuta nje afisa wa polisi pale Kima mwaka 1900. Wewe anza ndani, penye taa, kengele, vibao na vyombo vya mezani. Hivyo ndivyo vya kando ya reli.

Ikishindikana, wazee wa reli. Hapa kosa liko kwenye swali. Ukiuliza, "Mzee, zamani ilikuwaje?" utajibiwa, "Ah, zamani kulikuwa na nidhamu," na chai itaisha. Uliza kazi ya mkono: ulipokea treni ya usiku umesimama wapi? Taa uliiweka wapi ukienda kula? Maji ya kuoga yalitoka upande gani? Mimi hubeba viberiti. Kimoja ni ofisi, kimoja tangi, vitatu landi, na uzi ndio reli. Nilivipanga mbele ya yule mnyapara nilivyodhani. Akavitazama, akasogeza choo ng'ambo ya uzi.

"Ng'ambo, mzee? Mlivuka reli usiku?"

"Upepo, mwanangu. Upepo ulitoka huku."

Kumbukumbu za wazee wawili zikigongana, usichague unayoipenda. Huenda walihudumu miaka tofauti. Waulize kila mmoja ni injini gani zilizopita wakati wake, kisha rudi kwenye kadi za Dalili ya 3.

Dalili ya 7: Picha umepata, lakini zimeshikana, zimepinda au zinanuka

Zikiwa zimenata kwenye albamu ya plastiki, usizibandue. Fungua ukurasa, zima taa ya kamera, piga picha kutoka juu karibu na dirisha. Inatosha kabisa kwa kuhesabu mabati.

Negativu zinazonuka siki zinaoza polepole. Ziweke mahali pakavu penye hewa, mbali na nyingine, na uzipeleke kwa mtu anayejua kazi hiyo, kama wahifadhi wa nyaraka au wa makumbusho. Negativu za zamani zaidi ya miaka ya 1950 mapema, hasa zilizogeuka manjano, zinazonata au zenye unga, zaweza kuwa za nitreti, na nitreti hushika moto kwa kasi na haizimiki kirahisi. Usizipashe joto, usizipitishe kwenye skana yenye taa kali, usizifungie kwenye kopo juani. Hapo kazi yako imekwisha. Mwite mhifadhi wa nyaraka. Na mwenye picha aambiwe ukweli, kwa sababu huenda ziko chini ya kitanda chake.

Dalili ya 8: Usiku stesheni inafanana na kituo cha mafuta

LED nyeupe. Taa za stesheni ndogo zilikuwa za mafuta ya taa: njano iliyoelekea chungwa, hafifu, na chache. Tumia LED za rangi ya joto, ongeza rezista hadi zififie, paka nukta ya rangi ya chungwa juu yake. Zikibaki mbili tu kwenye jukwaa na moja dirishani kwa stesheni masta, zatosha.

Waya zote za upande wa modeli unaweza kuzishika mwenyewe. Ila transfoma inayochomekwa ukutani usiifungue hata kama unajua kuchomelea. Ikivuma kwa sauti, ikinuka, au ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, chomoa na umwite fundi wa umeme.